Sweta ya Zawadi iliyobaki na mkono mmoja, na ubishi wangu wa kungoja treni hapa Kindu

Wakuu wa jukwaa, salamu kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto, mjini Kindu.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu. Nikipata bando asubuhi nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, nanyamaza. Leo naomba mnisikilize mimi. Sitaongeza chumvi. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Kiswahili chetu cha huku kina Kifaransa ndani na sauti zake. Mnivumilie. Maneno ya watu nitayaacha jinsi walivyoyasema; mkikuta "njo", ni "ndio" yenu.

Hii ni habari ya sweta. Vita imo, lakini aliyekuja kutafuta nani alipigana na nani, hapa hatapata.

Nilikuwa mtu wa reli. Kazi yangu ilikuwa kugeuza njia pale stesheni, ili treni inayoingia ipate reli yake na isigongane na ile inayotoka. Nilisoma mpaka sekondari, nikapewa kofia ya kazi, na kofia ile nilikuwa naivaa hata siku ya mapumziko.

Wakati ule mji mzima ulikuwa unategemea treni. Chumvi, sabuni, vitenge, misumari, uzi wa kufumia, vyote vilishuka pale mbele ya macho yetu. Sisi tulijua kinachokuja kabla ya soko kujua. Kwa hiyo msishangae kusikia kwamba watu wa reli wa Kindu tulikuwa na kiburi. Mimi nilikuwa nacho kuliko wenzangu.

Mke wangu, Mama Zawadi, alikuwa mfumaji wa kroshe. Hakuwa na duka. Alifuma kofia za watoto wachanga, vitambaa vya meza, shali za wamama wa kanisani. Ndoano yake ya chuma ilikuwa ya mama yake mzazi, na pale kidole gumba kinapokaa chuma kilikuwa kimelika kikaacha shimo dogo. Wewe ukiishika, kidole chako kinajua chenyewe pa kukaa.

Mtoto wetu Zawadi alikuwa na kifua kibaya tangu kunyonya. Watu wa mbali wanadhani Kindu ni joto tu. Njooni wakati wa mvua, alfajiri, ukungu wa mto Lualaba ukiwa umelala juu ya nyumba za Alunguli. Mtoto alikuwa akivuta pumzi unasikia mlio kama mlango unaohitaji mafuta.

Basi mama yake akaamua kumfumia sweta.

Alichagua uzi wa sufu wa rangi ya kahawa, madonge mazito yaliyoshuka na treni. Sweta yenyewe ilikuwa pana kupita mwili wa mtoto, ya kufunguka mbele, bila vifungo wala zipu. Mgongo kipande kimoja, mbele vipande viwili visivyokutana, na ukingo unaoanzia chini, unapanda mpaka shingoni na kushuka upande wa pili.

Mimi sikuielewa.

"Sweta bila vifungo inafunga nini?" nikamuuliza.

"Haifungi. Mutoto anakua, Papa Zawadi. Ukiweka vifungo, mwaka kesho vinakataa kukutana. Hii itakua pamoja naye."

"Basi hii ni sweta ya muntu mwenye tumbo."

"Ni ya mutoto wako. Na siku akipata tumbo, tutashukuru Mungu."

Hakuwa mtu wa kukosa jibu.

Naomba niseme kidogo juu ya ufumaji wenyewe, kwa sababu bila huo hamtaelewa kosa langu.

Kuna kufuma kwa tambarare, ambako ndoano inaingia kichwani mwa mshono wa chini, mstari unalala juu ya mstari, kazi inatoka laini kama shuka. Na kuna kufuma kwa kuinua. Hapo ndoano haiingii kichwani. Inapita nyuma ya mshono wa chini, inaushika kiuno, inauvuta mbele. Mshono unasimama. Ukifanya hivyo kwa zamu, mingine mbele, mingine nyuma, kazi inakuwa kama kikapu kilichosukwa. Halafu hapa na pale unarundika mishono mingi mahali pamoja na kuifunga juu, kinatokea kinundu, kama karanga chini ya kitambaa.

Mama Zawadi alifuma kwa namna hiyo, vikapu na vinundu. Inapendeza sana, lakini inakula uzi kuliko tambarare. Nilipomlaumu alisema, "Vinundu vinashika joto. Hewa inalala katikati. Ni ya kifua hii, si ya picha."

Halafu vita ikakaza.

Reli ikakatika kule chini. Treni ya mwisho ilitoka, na iliyopaswa kurudi haikurudi. Mji ukabaki na kile kilichokuwa ndani yake. Na uzi wa kahawa ukaisha wakati Mama Zawadi yuko kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko.

Mgongo ulikuwa tayari. Vipande vya mbele tayari, ukingo tayari, mkono wa kulia tayari. Bado nusu ya mkono mmoja.

"Vinundu vyako njo vimekula uzi," nikamwambia.

"Ndiyo, vimekula," akasema. "Sasa tufanye nini?"

Nikamwambia asubiri treni.

Wakuu, lazima mnielewe hapa. Sisi watu wa reli tulikuwa tunavuka mto kwa mtumbwi, tunakaa stesheni na kofia zetu, mbele ya reli zinazoota majani. Kila siku kulikuwa na habari. Treni iko Kibombo, kusini kwetu. Treni imepita daraja. Fulani ameongea na dereva wake. Nilikuwa napaka mafuta chuma cha kugeuzia njia ili isije ikakuta kimekwama. Nadhani wengine walijua tunadanganyana. Mimi sikutaka kujua.

Siku moja nikarudi nyumbani nikamkuta Mama Zawadi amekaa mlangoni anafuma. Mkono wa sweta ulikuwa unasonga mbele, kwa rangi ya manjano.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye duka, mtu wa Kivu Kaskazini, aliyekuwa bado na donge la uzi wa manjano lililobaki kwenye rafu. Mke wangu alikuwa amempelekea karanga za shamba letu, wakabadilishana.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Mukono."

"Wa manjano?"

"Uzi wa kahawa hauko. Huu uko."

"Mutoto wa muntu wa reli atembee na rangi mbili kama kasuku? Watu watasema nini?"

"Watasema ana mikono mbili."

Zawadi alikuwa ndani. Alicheka, na kucheka kule kukaishia kwenye kikohozi.

Nikauchukua uzi mkononi mwa mke wangu. Kroshe, wakuu, ukitoa ndoano na kuvuta, inafumuka yenyewe. Haihitaji kisu wala nguvu. Nikavuta, mstari ukaondoka, nikavuta, mwingine ukaondoka, mpaka nikafika kwenye kahawa. Nikazungusha ule uzi, nikaurudisha dukani mimi mwenyewe, na yule mama akaupokea bila kuniangalia usoni.

Niliporudi, Mama Zawadi alikuwa amechomeka ndoano ya mama yake ndani ya kitanzi cha mwisho cha kahawa, ili kisikimbie. Akakunja sweta.

"Treni ikija," akasema, "utaniambia."

Nimefikiri sana kwa nini nilikasirika vile. Aibu ya rangi mbili ilikuwepo, sikatai. Lakini kubwa ni kwamba uzi wa manjano ulikuwa unasema treni haiji. Kila mstari ulikuwa unasema hivyo ndani ya nyumba yangu, na mimi nilikuwa nimevaa kofia.

Haukupita muda, milio ya bunduki ikasogea.

Mdogo wa mke wangu, Feza, aliyeolewa Lubutu, njia ya kwenda Kisangani, alikuwa amekuja kutusalimia na kukwama kwetu. Akaamua kurudi kwake kwa njia za msituni pamoja na wenzake. Akasema atamchukua Zawadi, kwa sababu Lubutu siku zile kulikuwa na unafuu, na wasichana wa umri wake hapa mjini walikuwa hatarini. Sisi wawili tungebaki na mama yangu mzazi, aliyekuwa hawezi kutembea.

Mke wangu akafunga mzigo wa mtoto. Unga wa muhogo, kitenge, chumvi kidogo kwenye jani. Juu kabisa akaweka sweta, na ndoano yake ikining'inia.

"Iache hiyo," nikasema. "Atachekwa na mukono nusu. Uzi ukifika utaimaliza, tutamutumia ikiwa nzima."

Feza akaniangalia. "Shemeji, msituni nani atacheka? Nyani?"

Mama Zawadi alinitazama mimi, akamtazama mtoto aliyekuwa amesimama tayari na viatu vyake mkononi. Hakutaka mtoto aondoke akiacha ugomvi nyuma yake. Akaitoa sweta.

Sweta yenye mkono mmoja na nusu ni sweta. Mgongo ulikuwepo, kifua kilikuwepo. Hata mtoto wa kuchunga mbuzi angeliona hilo. Mimi niliyesoma sekondari sikuliona.

Treni haikuja msimu ule. Haikuja ule uliofuata.

Habari za Zawadi tulizipata baadaye sana, kwa mtu aliyesukuma baiskeli kutoka Lubutu. Walinyeshewa njiani. Walilala juu ya majani, nguo zikiwa maji. Kifua kilimshika kabla hawajafika, na Feza na wenzake wakambeba kwa zamu. Alipona. Lakini kifua, mpaka leo, hakikurudi kama kilivyokuwa.

Mke wangu alisikiliza yote hayo akiwa amesimama. Mtu yule alipoondoka, akaenda kuteka maji.

Hakunilaumu, wala siku ile wala baadaye. Aliendelea kufuma, lakini kwa ndoano nyingine ya kununua. Ile ya mama yake ilibaki ndani ya kitanzi cha kahawa, ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda tulicholalia wote wawili.

Vita ikapoa. Simu zikaja. Zawadi akaolewa Kisangani, akazaa, akawa anafundisha. Alikuwa akipiga simu anaongea na mama yake mpaka salio linakatika. Mimi nikipewa simu:

"Papa, uko muzima?"

"Niko, mwanangu. Na kifua?"

"Kiko tu."

Kisha narudisha simu kwa mama yake. Hakuwahi kunivunjia heshima. Afadhali angenivunjia.

Mwaka jana Mama Zawadi alifariki, kwa presha. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua, Zawadi hakufika kwenye mazishi. Feza alifika, amezeeka, miguu imevimba.

Siku ya kumaliza matanga, wakwe zangu walikaa ukumbini kugawana nguo za marehemu, kama ilivyo desturi. Vitenge vikapata wenyewe. Shali zikapata wenyewe. Wakafungua sanduku la bati, Feza akatoa sweta.

Binti mmoja wa ukoo akanyoosha mkono, akasema ni nzuri, ataimalizia.

"Hapana," Feza akasema. "Kwetu, kazi ya marehemu ambayo haijaisha haigawanywi. Anabaki nayo ule aliyeisimamisha."

Akaja akaiweka kwenye mapaja yangu.

"Shemeji," akasema, "treni imefika?"

Nikaikunja, nikaingia nayo chumbani.

Ndipo nikaamua kuimaliza. Zawadi alikuwa amesema atakuja kiangazi, barabara ikikauka, kusimika msalaba juu ya kaburi la mama yake. Nilitaka aikute nzima. Nilifikiri, na bado nafikiri, kwamba sikuwa na kitu kingine cha kumpa mkononi.

Nilianza na video za simu. Ni nzuri, lakini mikono ile inakwenda haraka, na yangu ilizoea chuma kizito. Nikamfuata jirani yangu Mama Koleta, anayefuma soksi za watoto wachanga mbele ya nyumba yake, na mdomo wake haupumziki.

"Papa Zawadi, ndoano haishikwi kama nyundo," aliniambia siku ya kwanza. "Huyo ni mutu mudogo. Mushike polepole, atakusikia."

Vijana wa pikipiki waliokuwa wanangoja abiria pale njiani walifurahi sana. "Papa wa reli amekuwa mama wa kroshe." "Papa, nifumie chupi." Mama Koleta aliwajibu wao kabla yangu, kwa maneno ambayo hapa moderator atayafuta.

Nilijifunza kwa vipande vya kamba kuukuu. Mnyororo, kisha tambarare, kisha kushika kiuno. Pale penye kushika kiuno nilikaa sana. Nilikuwa naingiza ndoano kichwani kwa mazoea, na mstari unalala, na Mama Koleta anasema, "Amelala huyo. Mwamushe." Vinundu vyangu vya kwanza vilikuwa kama chunjua.

Mikono ilipokubali, tatizo likawa lile lile la zamani. Uzi.

Nilivuka mto, nikazunguka soko lote. Kahawa zilikuwepo, zinazotoka Goma, lakini hazikuwa ile. Moja nyekundu kupita kiasi, nyingine nyeusi kupita kiasi. Nilikuwa naitembeza ile sweta ndani ya mfuko wa plastiki, naitoa, nalinganisha, narudisha.

Halafu nikapata wazo ambalo niliona ni la akili.

Ukingo wa sweta ulikuwa na mistari kadhaa ya kahawa ile ile, kutoka chini mpaka shingoni. Nikifumua mistari miwili mitatu, nitapata uzi wa rangi yenyewe wa kumalizia mkono. Nani atajua kama ukingo umepungua?

Nikatafuta mwisho wa uzi alipoufunga Mama Zawadi. Nikaufungua. Nikavuta.

Uzi ulitoka na mikunjo yake, mawimbi madogo madogo, kila wimbi umbo la mshono aliouweka yeye. Miaka yote hiyo na uzi bado unakumbuka. Nikaendelea kuvuta, kutoka chini, kupita tumboni, mpaka kifuani.

Mama Koleta alikuwa amekuja kurudisha kikaango. Akasimama.

"Unafanya nini?"

"Natafuta rangi."

Akaangalia mahali vidole vyangu vilipofika.

"Papa Zawadi. Unavua kifua kwa kuvalisha mukono?"

Alisema tu kama anavyosema maneno yake yote. Hakujua. Sikuwa nimemweleza habari ya kifua cha Zawadi, wala ya msituni, wala ya ule uzi wa manjano. Lakini vidole vyangu vilisimama.

Nilikuwa nimekaa mlangoni. Mlango ule ule. Uzi mkononi, mstari unafumuka, na sababu ni ile ile: rangi isiwe mbili, watu wasione. Sikuwa nimejifunza chochote. Mke wangu alikuwa kaburini na mimi nilikuwa bado navuta uzi wake.

Nikamweleza Mama Koleta yote, pale pale, kikaango kikiwa mkononi mwake. Alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Mwisho akasema, "Turudishe kwanza hiki."

Tuliurudisha ule ukingo pamoja, kwa uzi wake wenyewe wenye mikunjo. Kovu linaonekana mpaka leo. Siwezi kulificha na sitaki.

Kesho yake nikanunua manjano.

Ndoano ilikuwa imeota kutu pale ndani ya kitanzi, na kutu imechora pete ndogo kwenye uzi. Niliitoa taratibu, nikaisugua kwa jivu, nikairudisha. Kidole gumba kikakuta shimo lake. Nikafunga uzi wa manjano, nikaupitisha ndani ya kitanzi cha mwisho alichokiacha mke wangu, nikavuta.

Nilifuma kila asubuhi, ukungu ukiwa bado haujaondoka. Vikapu kwa vikapu, kinundu kwa kinundu, nikifuata mkono wa kulia kama mwanafunzi anayenakili. Nilipokosea nilifumua, na kila nilipofumua nilikumbuka.

Nikiwa karibu na kifundo cha mkono, nikasikia honi ng'ambo ya mto.

Treni.

Siku hizi inakuja mara chache sana, na ikija sisi wazee wa reli tuna desturi ya kuvuka kwenda kuitazama. Tunasimama tu, tunataja namba za mabehewa ya zamani. Jirani yangu mmoja wa reli alipita mbele ya nyumba amevaa kofia yake.

"Chef," akaniita kwa jina letu la heshima kazini, "husikii? Imefika."

"Nimesikia," nikasema. "Tangulia."

Alingoja kidogo akidhani nainuka. Kisha akaenda. Honi ikalia tena. Mimi nikaanza mstari mwingine.

Zawadi alikuja kiangazi kama alivyosema, juu ya pikipiki kupitia njia ya Lubutu, mavumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa namtarajia yule msichana mwenye viatu mkononi. Aliyeshuka ni mama mtu mzima, mnene kidogo, na nywele nyeupe pembeni. Aliponisalimia nilisikia kifua chake. Ule mlio bado upo.

Nikaogopa. Sweta ile ilifumwa kwa mwili wa mtoto.

Tulisimika msalaba siku iliyofuata, kwa sala, pamoja na watu wa kanisa. Jioni, tulipobaki wawili, nikaleta mfuko wa plastiki nikauweka mezani.

Alitoa sweta akaikunjua. Aliijua mara moja. Akapitisha mkono juu ya vinundu vya mgongo, akafika kwenye kovu la ukingo, akapita. Akafika kwenye manjano.

"Huu mukono njo wako?"

"Ndiyo."

"Umekaza sana, Papa."

"Mama Koleta pia amesema."

Akaingiza mikono. Mama yake alikuwa ameifuma mipana, na ule wangu uliingia kwa kubanwa kidogo; yote miwili ikaishia juu ya kifundo. Mgongo ukakubali. Na mbele, vipande viwili vikalala kila kimoja upande wake, juu ya mwili wa mama wa watoto, kama vilivyotakiwa kulala. Hapakuwa na kitu cha kukataa kukutana.

Nikakumbuka maneno ya mama yake: "Hii itakua pamoja naye."

Zawadi alikaa, akiwa ameivaa katika joto lile.

"Papa, mvua ya ile safari ilikuwa kubwa. Hata kama ningekuwa nayo, ingelowa."

Sijui, wakuu. Sijui kama ni kweli au alinihurumia. Sufu ikilowa bado ina joto kidogo, Mama Koleta ameniambia, na mimi nimesoma hivyo pia. Nilitaka kumjibu hivyo. Nikasema tu, "Ningekuacha uende nayo, mwanangu. Nilipaswa kukuacha."

"Ndiyo," akasema. "Ulipaswa."

Ndilo neno la kwanza gumu aliloniambia tangu aondoke. Nililipokea. Kisha akaniuliza kama kuna chai, na tukanywa, na tukaongea mpaka majirani wakafunga milango yao. Hatukuwahi kuongea hivyo kwenye simu.

Aliondoka asubuhi, ukungu bado uko chini. Nilidhani ataiweka sweta ndani ya begi. Aliivaa. Akapanda nyuma ya dereva, akamshika bega kwa mkono wa kushoto.

Pikipiki ikachukua njia ya Lubutu. Rangi ya kahawa ilipotea upesi, ikachanganyika na udongo wa barabara. Mkono wa manjano niliuona mpaka kwenye kona.

Nimejifunza nini? Kwamba kitu cha kumfunika mtu hakingojei kitu kingine. Kama uzi uliopo ni wa manjano, funika kwa manjano. Kama ni nusu mkono, mpe hiyo nusu, aende nayo. Nililijua hilo kwa kuchelewa, na kuchelewa kwangu kulikaa ndani ya kifua cha mtu mwingine.

Ndoano nimebaki nayo. Zawadi alisema niendelee nayo, labda nitaacha kukaza. Sasa hivi nafuma kofia ya mjukuu, ya rangi tatu.

Wanaojua kroshe, niambieni mkono wangu unakaza kwa sababu gani, nikosoeni bila huruma. Na wengine wote: kama nyumbani kwenu kuna kazi ya mtu iliyobaki na ndoano yake ndani, andikeni hapa chini ni kazi gani, na ni nani aliyeisimamisha. Nitasoma zote.